Kofia ya Nahuel

Río Gallegos, saa tatu asubuhi,
upepo umeshika mlango wa chekechea kwa mikono miwili.
Mwalimu Nélida haufungi.
Tokeni, anasema, mkacheze nao.

Unyoya, kijiko, kikombe cha karatasi.
Kipi kitafika mbali? Kila mtu akisie kwanza,
kisha aachie.
Unyoya unapaa, unageuka, unampiga Nahuel puani.
Kijiko hakijibu.
Kikombe kinakimbia: hatua kumi na moja za Nahuel,
saba za mwalimu.

Mbona si sawa? Uwanja ni uleule.
Maite anatazama viatu vyake,
anatazama vya mwalimu,
anafungua mdomo, upepo unamwingia, anacheka tu.
Kesho watapima kwa kamba.

Kititia chake kimesimama kabisa.
Anakigeuza kidogo, kinaamka.
Anakigeuza tena, kinalala.
Mara nne hivyo, kimya, ulimi nje,
mpaka akajua upepo unatoka upande gani
kabla ya kujua jina la upande huo.

Ghafla kofia ya Nahuel imevuka ua.
Hatua ngapi? anauliza mwalimu.
Wanahesabu wakikimbia, wote kwa sauti.
Baada ya thelathini na tisa namba zinawaishia,
kofia bado inaenda.