Taa ya Oili

Kilonzi alifungua kifuniko cha vali, akaguna.
Weusi umeganda kama lami iliyopoa,
hauchuruziki; unakatwa kwa kisu.
"Oili hii ilibadilishwa lini?"
Nikatazama mabati ya Grogan.
Kabla Mghoi hajalazwa Kenyatta, nikasema.
Hakuuliza tena.

Siku tatu tulikwangua,
dizeli ikinitafuna kucha:
kwa bisibisi, kwa kitambaa,
mwishowe kwa mswaki
niliokuwa nimeshindwa kuutupa.
Chujio la sampu tulilizibua
tundu kwa tundu, kwa sindano.

Leo, ufunguo.
Gari lake likakohoa,
likatema moshi wa buluu, likashika.
Kilonzi akainua kidole:
ngoja.

Taa nyekundu ya oili
ikakawia,
ikakawia,

ikazimika.