Namba Mia na Kumi na Nane

Jumapili ya kwanza ya mwezi
jumba la makumbusho halitozi kiingilio.
Mama amevaa koti la sufu la kijani,
lile lenye kitanzi kilichokatika shingoni,
nami nimeshuka treni ya asubuhi kutoka Torino
na mpango wa siku kwenye karatasi:
makumbusho, kanisa, chakula, jioni ukumbini.
"Karatasi iweke," akasema. "Miguu ni yangu."

Alivipita vita vya majini na malaika wa dhahabu,
akasimama mbele ya bwana mmoja wa zamani,
mfanyabiashara wa Jenova, kidevu juu, mkono kiunoni,
koti jeusi la mahameli.
Akamtazama kama anayemdai.
"Hili koti ni la kuazima.
Tazama mabega. Limemkalia, halijamkaa."
Miaka mia nne yule bwana amewapita wote,
wataalamu na miwani yao, mimi na shahada yangu,
aje aumbuliwe na mwanamke
aliyepokea makoti ya watu miaka thelathini na mmoja!
Kisha akamgeukia mlinzi wa chumba
(Desolina, jina lilikuwa kifuani),
akamuuliza kama kile kiti kina mto
na kama miguu humvimba wakati wa joto.
Waliongea robo saa.
Bwana wa mahameli akasubiri.

Kanisa kuu lina milia, nyeupe kwa nyeusi,
kama fulana ya baharia.
Ndani, kando ya ukuta, limesimama kombora.
Lilitoka baharini mwaka wa arobaini na moja,
likatoboa jengo, likaanguka,
likanyamaza.
Watalii hulipiga picha.
Mama alivua glavu.
"Mimi na huyu tu rika moja," akaniambia.
"Siku alipokuja nilikuwa tumboni, miezi mitano,
mama yangu amejikunja chini ya ngazi, sufuria kichwani."
Akaliinamia kidogo,
kama unavyomwinamia mtu mliyesoma naye
aliyewahi kuwa mkorofi, kisha akatulia.
Mshumaa aliuwasha, hakusema ni wa nani.
Sikuuliza.

Nilidhani ukumbini ndiko atakakofurahi.
Tiketi nimenunua safu ya sita, katikati,
kwa mtu aliyeijua kila tamthilia kupitia dari:
visigino, vicheko vilivyochujwa na mbao,
kimya kile kizito kinachotangulia kilio.
Hakuwahi kuuona mwisho hata mmoja,
maana mwisho wao ndio mwanzo wa kazi yake.

Kaunta ni ile ile. Kijana mwenye hereni
akanyoosha mikono.
Mama akabaki amelishika koti.
"Kitanzi kimekatika," akaeleza hatimaye. "Litundike kwa mabega.
Na usilibane na lile la manyoya, hilo hunyonyoka."
Kijana akampa kibati, 118.
Akakigeuza, akakigeuza tena,
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya nchi nyingine.

Mchezo ulihusu nini? Ndugu wawili, nyumba, deni.
Sikumbuki vizuri. Nilikuwa nikimtazama yeye,
midomo yake ikiwatangulia waigizaji.
Dakika tano kabla ya pazia akasimama,
akapita magoti ya watu, samahani, samahani,
nami nikadhani anaumwa.
Mazoea yana taabu:
miguu ilikuwa imeshatoka.

Nilimkuta chini, upande wa wateja,
kibati mkononi,
yeye na yule kijana wameinua vichwa
wanasikiliza dari.
Juu makofi yakaanza, machache, kisha kama changarawe
inayomwagwa kutoka kwenye lori.
"Wameupenda," akamwambia. "Leo watashuka polepole.
Anza na makoti ya nyuma."