Sahani Hairudi Tupu

Bandarini Mkoani karani alipekua begi langu,
akanyanyua sweta moja, akanyanyua ya pili,
akaniuliza kwa upole wa mtu anayeficha kicheko:
"Dada, kazi yako ni kulala ndani ya jokofu?"

Nimetoka Tukuyu, ambako ukungu huingia ndani bila hodi.
Mkataba ulisema: Wete, maabara ya malaria, miaka miwili.
Haukusema kwamba nyanya si nyanya.

Sokoni nilisema, "Nipe nyanya za mia tano,"
muuzaji akatazama kushoto, akatazama kulia:
"Nyanya yangu simuuzi. Na wako umemwacha na nani?"
Hizi ni tungule, akanifundisha,
akaniongezea moja juu, bakshishi ya mwanafunzi.
Usiku ule, kwenye daftari, ukurasa wa mwisho:
tungule, mbatata, boflo, skuli.
Miaka thelathini na mbili nakisema Kiswahili,
leo kinanitazama kama mgeni wa jana.

Jina langu Atupele. Kwetu maana yake Mungu ametupa.
Watoto wa Mtemani walisikia upele tu,
wakajikuna hadi konani.
Jirani yangu, Bi Time Faki, akawatimua kwa kata ya maji.
"Tukwite Atia," akasema, "maana ni ile ile."
Nikasema hapana, haraka kuliko nilivyotaka.
Hakukasirika. Alilijaribu mdomoni
kama anayeonja chumvi: A-tu-pe-le.

Ukaja mwezi wa Ramadhani.
Nilikula ndizi yangu nyuma ya jokofu la sampuli,
dirisha nimelipa mgongo, natafuna bila sauti,
mtu mzima, nimejificha na ndizi.
Hakuna aliyenikataza.
Harufu yake tu ndiyo iliyonisema chumba kizima.

Magharibi, adhana haijatulia,
Shaame wa Bi Time yuko mlangoni
na sahani ya bluu iliyofunikwa kawa:
muhogo wa nazi, tambi za sukari, kipande cha chewa.
"Mimi sikufunga," nikamwambia.
"Mama kasema sahani haiulizi."

Nikala. Nikaiosha mara mbili,
nikaifuta mpaka ikanionyesha uso wangu,
nikairudisha kesho yake kwa mikono miwili,
magoti nimeyakunja kidogo, kama nilivyofunzwa.
Bi Time aliipokea. Akatazama ndani.
"Ahsante," akasema, na neno likafunga mlango.

Siku mbili kimya. Kimya cha huku kina adabu:
kinakusalimia, kinakuuliza hali, hakikai.

Shaame ndiye aliyeninong'oneza kwenye ua:
"Sahani hairudi tupu. Hata limau.
Hata majani ya mchaichai.
Ukirudisha tupu, ni kama unasema basi."

Lo! Na mimi niliyeona fahari kwa jinsi ilivyong'aa.

Nikarudi sokoni. Ndizi mbichi, karanga, tungule
(nilisema tungule bila kufikiri).
Nikapika kama anavyopika mama,
nikakosa maziwa, nikatia tui, mama anisamehe,
nikapakua kwenye sahani ya plastiki, sina nyingine,
nikasimama mlangoni kwa Bi Time kungoja adhana.

Alitafuna mbele yangu. Akatafuna tena.
"Chakula hichi," akasema, "kina baridi ya kwenu."
Sikujua kama ni sifa.
Mpaka leo sijui.

Sahani ya plastiki ilirudi baada ya siku nne,
ndani yake embe mbili na pilipili moja.
Ikaenda na mahindi, ikarudi na mkate wa mofa.
Mkataba unakwisha Machi
na sioni mahali pa kufungia hesabu hii.

Sweta moja nimempa Shaame.
Huivaa saa sita mchana, jua la utosi,
hupita nayo kando ya karafuu zilizoanikwa barabarani,
jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu,
anawaambia wenziwe wa skuli waiguse mikono:
hii, jamani, ndiyo Tukuyu.