Rangi Yenye Chenga

Kwanza nilisoma nyayo.
Sitaha haisemi uongo:
mlangoni mwa jiko imeng'aa kama kipara,
penye ngazi ya ubavuni imeng'aa,
na nyuma ya usukani visigino vya nahodha
vimechimba visahani viwili, cha kushoto kina zaidi,
kwani huegemea huko akipiga simu.
Kwingineko, ambako hakuna aliyepahitaji,
rangi ya zamani ingali kali,
inakwaruza kama ulimi wa paka.

Boti hii hupeleka maji na vitunguu
kwa meli zilizotia nanga nje.
Ubavuni imeandikwa TULIZANA.
Mwezi wa Julai Chimera alipanda na gunia begani,
akashushwa bila gunia, nyonga imevunjika.
"Mguu wangu ulishatua," aliniambia kitandani,
"sitaha ndiyo iliyohama."

Kuteleza si kuanguka, husema watu.
Watu hao hawajabeba vitunguu.

Bwana Twalib alitaka rangi laini, buluu, yenye kumeta.
Nikamwambia kumeta ndiko kulikomvunja mtu.
Akaguna. Akauliza mchanga bei gani.
Mchanga bure, bwana, maji ndiyo ya kununua:
mitungi mitatu kwa kijana wa mkokoteni,
nikausuuza mchanga wa Shelly mara moja, mara mbili, mara tano,
nikiuonja kwa ncha ya ulimi
maana chumvi ikibaki, rangi hufura ikabanduka.
Majirani wa Mtongwe wakachungulia uani:
Nyamvula siku hizi apika mchanga!
Nikauanika juu ya bati,
nikauchekecha kwa chekeche la unga
ambalo mama bado analitafuta.

Kisha msasa, siku tatu,
boti imepandishwa cherezoni, tumbo wazi,
vumbi la buluu hadi kwenye kope.
Thina. Praima. Tepu kuzunguka kila kifuniko.
Mkono wa kwanza wa rangi, na ingali mbichi
nikaunyunyiza mchanga, vidole vimelegea,
kama anayelisha kuku wa jirani.

Ilipokauka nikafagia uliozidi,
nikaanza mkono wa pili, wa kuufunika.
Nikaanzia shetri.
Rola ikawa inakwenda vizuri, inanong'ona,
nami nikawa nawaza karo ya mwanangu,
nawaza Chimera, nawaza chekeche,
na nilipoinua kichwa nilikuwa omoni.
Ngazi iko shetri.
Kati yetu, bahari ndogo ya buluu, mbichi.

Miaka kumi na minane katika kazi hii
nimejifungia nje kama mwanagenzi!
Tsuma chini akacheka hadi akakaa juu ya ndoo.
Ngazi ya pili wameiazima wapaka rangi wa msikiti.
Saa sita za kukauka, labda saba, upepo ukikataa.
Nikakaa juu ya winchi ya nanga,
nikatazama feri ya Likoni ikienda, ikirudi,
ikienda, watu wote wale
wakishuka bila kuangalia wanapokanyaga.

Saa nane Tsuma akanirushia viazi karai
ndani ya gazeti. Nilidaka gazeti.
Kiazi kimoja kikaponyoka,
kikatua katikati ya rangi yangu.

Hakikuteleza.
Kiligota palepale, kimesimama,
ukwaju ukikichuruzika.

Nikampigia Chimera.
"Kimeshika?"
"Kimeshika."
"Hakikusogea hata kidogo?"
"Hata unywele."
Akanyamaza. Nilisikia kitanda chake kikilia,
akijigeuza pole pole upande ule mzima.
Kisha akauliza:
"Kilikuwa na pilipili?"