Bado Mnaongea?

Miaka kumi na tisa nilikaa Posta ya Nakuru,
ghorofa ya juu, dirisha la upande wa reli,
visikizi vikinibana kichwa hadi nywele zikaota njia.
Kuchomeka, kuchomoa.
Londiani hapa, Eldama Ravine pale,
Kimilili kwa kupitia Bungoma, laini moja tu,
nayo ilipenda kuugua kukinyesha.

Sheria ilibandikwa ukutani:
dakika tatu, kisha uliza.
Ukisikia kimya, uliza.
Kimya kikiendelea, kata.
Msimamizi wetu, Bwana Tarus, alisema
waya wa serikali si kitanda cha kulalia.

Basi nikawa mtu wa kuuliza.
Bado mnaongea?
Niliwauliza madalali wa mahindi.
Nilimuuliza mwalimu aliyekuwa akilia
na kusingizia mafua.
Niliwauliza wachumba, mmoja Njoro, mmoja Maseno,
waliobakiwa na sekunde arobaini wasijue pa kuziweka.
Wote walishtuka, wakaanza kubwabwaja,
mara ng'ombe, mara bei ya mbolea,
kama watoto waliofumaniwa na kopo la sukari.

Wahenga wana neno lao juu ya kimya kingi na mshindo wake.
Sibishani nao. Ila wao hawakuvaa visikizi.
Mimi mshindo sikuusikia.
Nilisikia kuku wa dukani upande wa pili,
mawe ya mizani yakiwekwa,
mtu akimeza mate kabla ya jina,
na jina lenyewe lisije.

Lusweti wa kiwanda cha pareto
alipiga kila Jumamosi, saa kumi kasoro robo.
Nafuna, mkewe, alishuka kilima
kusubiri simu kwenye duka la Simwenyi.
Maongezi yao yalikuwa membamba.
Mahindi? Yameota.
Mtoto? Anakohoa, si sana.
Pesa? Ilifika.
Kisha kwaheri, na dakika nzima imebaki,
imelipiwa, haina mtu.

Jumamosi moja ya Aprili hawakuulizana mahindi.
Mume alisema, Nafuna.
Mke akasema, Nipo.
Basi.
Dakika ya kwanza nilitazama saa.
Ya pili, mvua ilianza kupiga bati la duka kule Kimilili,
nikaisikia mimi niliyekuwa kwenye jua la Nakuru.
Ya nne, viatu vya Tarus kwenye ngazi,
nasi sote tulivijua viatu vile.
Kidole changu kilikuwa juu ya plagi.
Nikauliza kwa sauti ya kazi:
Bado mnaongea?

Wakajibu pamoja,
kama watu wawili wanaoinua gunia moja:
Tunaongea.

Nikaondoa kidole.
Kwenye tikiti nikaandika: Maongezi, dakika sita.
Tarus akasoma, akanitazama, akatia sahihi.
Walisemezana nini, sijui hadi leo.
Nami nilisikia yote.

Sasa niko Kiamunyi.
Ule ubao wa plagi uliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.
Mjukuu wangu Imali akinipigia,
nikinyamaza kidogo nitafute neno zuri,
anapaza sauti: Haloo? Nyanya? Umepotea!
Sijapotea, mwanangu.
Ndiyo kwanza nafika.
Lakini ameshakata, anapiga upya,
na neno nalo limekwenda zake.

Jioni huja jirani, Rael Chelagat, tukaambua minji.
Beseni hufika nusu
hatujasema kitu tangu salamu.
Mwaka jana alipomzika mumewe
alikuja vilevile, na kigoda chake,
na ilikuwa siku ya tatu, kati ya ganda na ganda,
aliposema: Alikuwa anapenda chumvi.
Sikumjibu. Nilisogeza beseni.

Hata sasa akinyamaza sana
kidole changu hutafuta plagi, mazoea hayana dawa.
Hukuta punje ya minji,
mbichi, baridi.
Naiachia.
Ti, kwenye beseni.