Umemaliza?

Mama hunipigia Jumapili baada ya ibada,
na swali lake ni lile lile tangu nilipoondoka Arua:
"Munduru, umemaliza?"

Nilipokamilisha miaka mitano ya chuo
alichinja mbuzi, akaalika kwaya nzima.
Ikabidi nimwambie bado, kuna mwaka wa utarajali.
Mwaka huo nililala kwa zamu, nikala kwa zamu,
posho ikachelewa hata nikasahau kama ipo.
"Na sasa?" Sasa nina leseni, Mama.
Nikapelekwa Yumbe, miaka miwili,
daktari peke yangu na jenereta yenye kiburi;
nikapasua wajawazito kwa mwanga wa tochi
aliyoishika mume wa mgonjwa, uso ameugeuzia ukutani.
Huko ndiko nilikojua nisichokijua:
kitoto kilizaliwa utumbo ukiwa nje,
nikaufunika kwa kitambaa cha maji ya chumvi,
nikaandika rufaa kwa mwandiko mzuri.
Ambulensi ilipopata mafuta
hapakuwa tena na wa kubebwa.

Hayo sikumwambia Mama.
Nilimwambia narudi shule.

"Elimu haina mwisho," akasema. "Na ada je, nayo haina?"
Ni ubingwa, Mama, miaka mitatu, Mulago.
"Bingwa? Umempiga nani?"
Nilicheka. Nilipolipa muhula wa kwanza nikaona aliyepigwa ni nani.
Maana anayesomea ubingwa halipwi, hulipa;
hununua kukesha kwake mwenyewe,
wikendi anakwenda kliniki ya mtu Kawempe kutafuta kodi,
na usiku usio wa zamu ni wa tasnifu,
majedwali yanayokataa kujumlika.
Vitabu vya kigeni hutuita wakaazi.
Mkaazi! Mwenye nyumba wangu wa Kamwokya
alimpangisha mtu chumba changu
akidhani nimehama.

Daftari langu la upasuaji lina safu tatu:
nimetazama, nimesaidia, nimefanya.
Hizo ndizo wakaguzi wanazohesabu.
Mimi huhesabu hatua za Dokta Kirabira.
Mwaka wa kwanza vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu,
vizito, vikinuka sabuni ya mche.
Wa pili, alihamia ng'ambo ya meza
na akawa ananikoholea nikikosea.
Wa tatu, alisimama mlangoni, mikono nyuma,
akiongea na nesi habari za kuku wake.
Hakuniambia hata siku moja kwamba nimefuzu.
Alisogea tu.

Sasa ni ubobezi, miaka miwili mingine,
upasuaji wa watoto,
wale wanaoshonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele.
Kirabira yuko kitandani kwake Ntinda:
"Nipigie ukikwama."

Jana usiku walileta kichanga kutoka Nakaseke,
utumbo nje, umefunikwa vizuri, unyevu, kama inavyotakiwa,
na barua ya rufaa yenye mwandiko mzuri.
Nilisimama nayo kidogo.
Ni nani huyo? Yuko na jenereta gani?

Saa nane tukaanza. Sikukwama.
Mara moja nilishika simu, nikairudisha mfukoni.
Mbele yangu alikuwa Ainebyona, wa mwaka wa kwanza,
jasho limemjaa juu ya barakoa,
uzi unamtetemekea mkononi.
Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake.
Fundo la kwanza. La pili.
La tatu nikaviondoa,
naye hakutambua.

Leo Jumapili. Nina damu kwenye kiatu cha kushoto
na chai iliyopoa.
Simu inalia.
"Munduru, umemaliza?"
Kupitia kioo namwona mtoto, kifua kinapanda, kinashuka,
tumbo limefungwa kama mzigo wa mtu mwangalifu.
"Nimemaliza, Mama."
Kimya. Kisha namsikia akiita jirani,
akiuliza mbuzi siku hizi ni bei gani,
nami sijui nianzie wapi kumwambia
kwamba nilikuwa nazungumzia usiku.