Chumvi Darini

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, Januari, Brno,
tone liliniangukia mdomoni.
Nililamba kabla sijaamka.
Chumvi.

Kwetu bahari ni kitu cha kupandia treni,
usiku mzima na nusu siku,
mayai ya kuchemsha kwenye mkoba, soksi kavu.
Bahari haishuki kutoka ghorofa ya tano.
Nikapanda ngazi na ndoo, koti juu ya nguo ya kulalia,
na maneno makali matatu niliyoyapanga njiani.
La kwanza nilikuwa nimeshalinyanyua kama rungu
mlango ulipofunguka.

Bwana Oldřich, mstaafu wa karakana ya tramu,
magoti yamelowa, vidole vimevimba kwa kudungwa,
akasema tu:
"Ametembea."

Nani?

Kwenye kona ya tangi, pale maji yanapovuka
meno ya kitana cha plastiki kushukia chujio,
anemoni alikuwa ameketi
kama abiria mnene aliyeziba mlango,
na maji, yakikosa pa kupita,
yakapanda, yakamwagika, yakaja kwangu.

Miezi kumi na minne alikaa jiweni,
mguu wake ndani ya ufa, vidole kijani, ncha zambarau,
na wale wawili wa rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe,
wakijikunja humo kila taa zilipofifia,
wakimletea vipande vya uduvi
walivyoiba kwa wenzao.
Jana, bila barua wala kisa, aling'oa mguu.

Tukapiga deki. Taulo zake saba, zangu tatu.
Akasema na mimi nusu, nusu na maji:
kikande hapana, angekula kaa wote
na kupanga upya mawe kama mama mkwe.
Kangaja mmoja. Ukiweka wawili
watachanjana kwa kile kisu cha mkiani
hadi abaki mmoja, basi nunua huyo mmoja tangu mwanzo.
Na haya matumbawe, shubiri moja haitoshi:
mchana yanakaa kama waumini kanisani,
taa zikizimika yanachomoa nyuzi ndefu nyeupe
na kuunguzana mpaka nyama ijikunje, mfupa ubaki.

Vyombo vya kabati moja hugongana, nikasema.
"Haya hayagongani," akajibu. "Huyeyushana."

Na dawa?
Akawaza, akikamua taulo.
"Nafasi. Na mkondo unaoelekea upande mwingine."

Miaka kumi na mmoja nimeishi chini ya nyayo zake.
Salamu kwenye lifti, basi.
Nilidhani huo ndio uungwana.

Anemoni havutwi; mguu ungechanika.
Anataka kushawishiwa kwa baridi.
Nikaenda kwenye baraza yake, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
nikajaza theluji mfuko wa plastiki,
naye akauzamisha nyuma ya kitana, ukagusa meno.
Tukangoja.
Dakika arobaini tulikaa sakafuni, suruali zimelowa,
theluji ya Moravia ikimbembeleza kiumbe
ambaye hajawahi kuona hata umande.

Akaachia ukingo mmoja. Halafu mwingine.
Akaelea, ovyo, kama leso iliyodondoka,
na wale wawili wakaja mbio, wakamzunguka,
wakimsukuma kwa mapua,
mpaka Oldřich alipompokea kwa bakuli la saladi,
si kwa wavu.

Maneno yangu matatu sijui niliyaacha wapi.

Dari bado halijapakwa rangi.
Doa likikauka linatoa maua madogo ya chumvi,
ninayafuta, yanarudi.
Machi alikwenda kufanyiwa upasuaji wa goti,
akaniachia ufunguo na karatasi:
Uduvi nusu kijiko, siku moja kwa nyingine.
Maji ya kuongezea yasiwe na chumvi.
Usiingize mkono usiku.
Na chini kabisa, kwa penseli, mwandiko umelala:
Ukimkuta mlangoni tena, theluji imekwisha.
Tumia mbaazi zilizogandishwa.